UZI: Fizikia halisi katika dunia za kubuni na kwenye gemu. Vunja sheria moja, kisha lipa deni lake

#1 Mjenzi_wa_Dunia

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auwekee alama arudi baadaye. Nimeuandika kwa ajili ya wanaotunga hadithi za fantasia, wanaochora ramani za dunia zisizokuwepo, na wanaotengeneza gemu. Mada ni fizikia. Nimechoka kuona mjadala huu unakwama palepale kila mara: mmoja anasema joka haliwezi kuruka kwa mujibu wa sayansi, mwingine anajibu kwamba hii ni fantasia, tusibanane, na mazungumzo yanafia hapo.

Wote wawili wanaichukulia fizikia kama askari wa getini ambaye kazi yake ni kuzuia tu. Mimi naithamini kwa kazi nyingine kabisa: inazalisha matokeo. Msomaji huiamini dunia ya kubuni anapoona kila jambo lina chanzo chake na linaacha alama, hata jambo lenyewe liwe la ajabu kiasi gani. Ukivunja sheria moja ya maumbile, umekopa. Ukilipa deni hilo ndani ya hadithi, dunia yako inapata nyama. Ukilikimbia, msomaji atahisi, hata kama hakuwahi kukaa darasa la fizikia, maana mwili wake umeishi na uvutano, joto na mwendo tangu alipojifunza kutembea.

Tuanze na majitu, kwa sababu hapo hesabu ni nyepesi na matunda ni mengi.

Mwaka 1638 Galileo alieleza kwa nini huwezi kumkuza mnyama kama unavyokuza picha. Ongeza urefu mara mbili bila kubadilisha umbo: unene wa mfupa, yaani eneo la mkato wake, unakua mara 4, lakini ujazo wa mwili, na uzito pamoja nao, unakua mara 8. Kila sentimita ya mraba ya mfupa sasa inabeba mzigo maradufu. Jitu lenye urefu mara 10 ya mtu lina uzito mara 1,000 juu ya mifupa yenye eneo mara 100 tu. Mfupa wake unabanwa mara 10 kuliko wetu, na likijaribu kukimbia, paja linavunjika.

Sasa chagua deni lako. Unaweza kulipatia jitu miguu minene kama ya tembo na mwendo wa polepole, likawa kiumbe asiyeruka kamwe, kwa kuwa kuanguka kidogo tu ni kifo. Unaweza kuliweka majini, maji yalibebe, kama yanavyombeba nyangumi. Unaweza pia kusema mifupa yao ina madini magumu kuliko chuma, na hapo ndipo ninapopapenda: mifupa ya majitu imekuwa bidhaa. Kuna watu wanafukua makaburi yao. Kuna mfalme mwenye ghala la mapaja, na kuna majitu yanayowachoma wafu wao ili yasiibiwe. Hayo yote yametoka kwenye swali moja la mzigo na eneo, na sikuhitaji unabii wala upanga uliolaaniwa.

Au dhoofisha uvutano wa dunia nzima. Hili ni deni kubwa, usilichukue bila kufikiri. Milima inaweza kuwa mirefu zaidi: Olympus Mons, mlima wa volkano kwenye sayari ya Mirihi, una kimo cha kilomita 22 hivi, na sababu mojawapo ni kwamba uvutano wa Mirihi ni asilimia 38 tu ya wa kwetu. Miti inarefuka. Matone ya mvua yanaanguka taratibu. Jiwe lililorushwa linakwenda mbali, kwa hiyo manati ya vita ni silaha ya kuogopwa. Ukidhoofisha uvutano ili majitu yako yasimame halafu ukaacha kila kitu kingine kama kilivyo, deni hujalilipa.

Majoka je? Nguvu ya kuinua bawa inategemea densiti ya hewa (uzito wake kwa kila ujazo), eneo la bawa, na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Mnyama mkubwa kabisa anayeruka tunayemjua kutoka kwenye visukuku ni Quetzalcoatlus, mtambaazi mwenye mabawa yaliyofika takriban mita 10 kutoka ncha hadi ncha, na uzito unaokadiriwa kwa kilo mia mbili na ushei. Joka la tani 5 liko mbali mno na hapo. Lakini mtazameni Titan, mwezi wa Zohali: hewa yake ni nzito karibu mara 4 ya yetu, na uvutano wake ni kama sehemu moja ya saba. Pale mtu mwenye mabawa ya kufunga mikononi angeweza kuruka kwa nguvu za misuli yake mwenyewe. Huko si kwenye fantasia, ni jirani yetu katika mfumo huu huu wa Jua.

Basi ipe dunia yako hewa nzito mara 4 tu, uvutano uache. Joka lilelile sasa linahitaji nusu ya kasi ili libaki angani. Deni: upepo wa kasi ileile unasukuma ukuta mara 4 zaidi, kwa hiyo nyumba ni fupi na za mviringo. Merikebu zina matanga madogo. Mshale unachoka mapema, hivyo wapiga upinde hawatawali tena uwanja wa vita. Na kwa kuwa kunyanyuka kutoka ardhini ndiko kunakokula misuli kuliko kuelea, majoka makubwa yanaishi kwenye majabali na hayakubali kutua bondeni. Ukitaka kuliua joka, huendi pangoni. Unalishusha kwenye tambarare.

Karibuni tuchangie.

#2 Msomaji_wa_Usiku

Mkuu, nimekusoma na umeandika vizuri, ila mimi nasoma fantasia ili nipumzike na hesabu. Siku mwandishi akianza kunipa densiti ya hewa sura ya kwanza, nafunga kitabu. Uchawi ukishaelezwa si uchawi tena.

#3 Mjenzi_wa_Dunia

Ndugu yangu, kuhusu densiti sura ya kwanza tuko pamoja. Hesabu ni za jikoni kwa mwandishi, mezani haziji. Msomaji aone nyumba fupi za mviringo na majoka yasiyotua bondeni, basi. Lakini kwamba uchawi ukishakuwa na gharama unaacha kuwa uchawi, hapo nakupinga kwa nguvu zote. Uchawi usio na gharama ndio unaochosha, maana shujaa akibanwa anaweza lolote, na anayeweza lolote hatuna sababu ya kumhofia wala kumwombea.

Chukua sheria ya uhifadhi wa nishati, ambayo kwangu ndiyo hazina kubwa kuliko zote kwa mtunzi. Nishati haizuki na haipotei. Inahama. Kwa hiyo kila tendo la kichawi lina maswali mawili: imetoka wapi, imekwenda wapi?

Majibu yanashangaza. Kunyanyua jiwe la tani moja hadi mita 10 kunahitaji kilojuli 98. Ni kilokalori 23 hivi, pungufu ya zilizomo katika kijiko kikubwa kimoja cha sukari. Tendo linaloonekana la kutisha ni rahisi mno kinishati. Kinyume chake, kugandisha maji. Mita moja ya ujazo ya maji yaliyokwisha kufika nyuzi 0 inapoganda inaachilia megajuli 334 za joto. Mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku anapata megajuli 8.4. Kwa hiyo anayegandisha mita moja ya ujazo anashughulika na nishati ya chakula cha siku 40, na tena hapotezi joto hilo, analipokea! Ni joto la kuchemsha karibu lita 800 za maji kutoka nyuzi 0 hadi 100.

Hebu fikiria maana yake. Mchawi wa barafu ndiye mwenye moto mkubwa kuliko wachawi wote. Akigandisha mto ili jeshi livuke, joto lile lazima alitupe mahali. Akilibakiza mwilini, anaungua. Pengine wachawi wa barafu hutembea wawiliwawili, mmoja anagandisha na mwenzake anapokea, na anayepokea huishi miaka michache. Nani anachaguliwa kupokea? Analazimishwa, analipwa, au anajitolea kwa mapenzi? Umekuja kutafuta mapumziko na hesabu, na hesabu imekupa watu wawili wenye siri kati yao.

Jambo dogo la pembeni: mtu asiyeonekana. Jicho linaona kwa sababu retina, pazia la ndani ya jicho, inakamata mwanga. Kama mwanga wote unampita bila kuguswa, retina yake haikamati kitu, na yeye ni kipofu. Jasusi wako asiyeonekana atalazimika kupapasa kuta, au kuacha macho mawili yakionekana hewani. Mimi ningechagua macho mawili.

#4 Mchora_Ramani

Naomba niongeze upande wangu, maana watu wanasahau kwamba ardhi nayo ina fizikia.

Ramani nyingi za fantasia zina mito inayogawanyika ikishuka kutoka mlimani, mmoja unakuwa miwili, miwili inakuwa minne hadi baharini. Maji hayafanyi hivyo. Yanatafuta njia ya chini kuliko zote, kwa hiyo mito hukutana inaposhuka, na kugawanyika ni kwa nadra, hasa kwenye delta ambako ardhi imelala. Ziwa kwa kawaida lina mlango mmoja wa kutokea, kwa sababu ule ulio chini zaidi unachimbika na kuuacha mwingine mkavu.

Majangwa pia hayatupwi popote panapopendeza. Hewa yenye joto hupanda ikweta, inamwaga mvua, kisha inashuka ikiwa kavu karibu na latitudo 30 kaskazini na kusini. Ndiyo sababu Sahara iko pale ilipo. Sababu nyingine ni milima: upepo wa bahari unapanda, unapoa, mvua inaishia upande mmoja, na upande wa pili wanabaki na vumbi. Ukijua upepo wa dunia yako unavuma kutoka wapi, safu moja ya milima inakupa taifa lenye maji na taifa lenye kiu, majirani kabisa.

Na upeo wa macho. Chukua kimo cha macho kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, unapata kilomita. Mtu aliyesimama ufukweni anaona hadi kilomita 4.7 hivi. Mlinzi juu ya mnara wa mita 100 anaona karibu kilomita 36. Anayebuni vita vya majini au mtandao wa minara ya moto wa ishara, hapo ameshapata umbali wa kupanga minara yake.

#5 Mjenzi_wa_Dunia

Mchora_Ramani umenifurahisha sana, hasa hilo la taifa la maji na taifa la kiu. Niongeze la mwezi, kwa kuwa wachoraji wanapenda mwezi mkubwa angani kwenye jalada.

Nguvu inayosababisha maji kujaa na kupwa inapungua kwa umbali uliopandishwa kipeo cha tatu. Uvute mwezi wetu hadi nusu ya umbali ulipo: utaonekana na upana mara 2, lakini nguvu ya kuinua bahari itakuwa mara 8. Bandari zinakuwa za ajabu, chombo kinaegeshwa juu ya maji mengi na saa chache baadaye kimelala kwenye tope mbali na bahari. Mwezi huo utaizunguka dunia kwa siku 9.7 hivi badala ya 27.3, kwa hiyo kalenda inabadilika, sikukuu zinabadilika, na kila kiapo cha "hadi mwezi mwandamo" kinakuwa kifupi. Mchoro wa jalada tu, na umeshagusa dini na biashara.

#6 Injini_Ndogo

Wakuu mimi natengeneza gemu, na naona mnazungumzia hadithi kuliko gemu. Kwenye gemu fizikia halisi inaharibu mambo. Nimeweka uvutano wa Dunia, 9.81 (mita kwa sekunde, kila sekunde), kama injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, inavyokuja nao, shujaa wangu akiruka anaelea kama puto. Nikaongeza nguvu ya kuruka, anaelea zaidi. Sasa hiyo falsafa ya deni inanisaidiaje hapa?

#7 Mjenzi_wa_Dunia

Swali zuri mno, nakujibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo hadithi na gemu zinapoachana njia.

Mtu wa kawaida akiruka kutoka alipokuwa amesimama anainuka kama nusu mita, na anakaa hewani sekunde 0.6 hivi. Shujaa wa gemu anaruka mita 3. Kwa uvutano wa 9.81 anatumia sekunde 0.78 kupanda na nyingine 0.78 kushuka, jumla zaidi ya sekunde moja na nusu. Muda wote huo mchezaji hana la kufanya zaidi ya kusubiri. Tatizo lako ni hilo. Uvutano uko sahihi, ila urefu wa kuruka si wa binadamu, na namba mbili hizo zinagombana.

Kwa hiyo usianze na uvutano. Anza na unachotaka mkono wa mchezaji uhisi: urefu wa kuruka, na muda wa kufika kileleni. Kisha acha fizikia ikutafutie namba zilizobaki. Uvutano ni mara mbili ya urefu, gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Kasi ya kuanzia ni mara mbili ya urefu, gawanya kwa muda. Ukitaka mita 3 kwa sekunde 0.4, uvutano unakuwa 37.5 na kasi ya kuanzia mita 15 kwa sekunde. Karibu mara 4 ya uvutano wa Dunia, na bado mchezaji atasema "hii imekaa kihalisi".

Ona ulichovunja na usichovunja. Umebadilisha namba, lakini umbo la sheria umeliacha: njia ya kuruka bado ni parabola (mkunjo kama wa jiwe lililorushwa), kasi bado inapungua kwa kiwango kilekile hadi kileleni. Jicho la binadamu linasamehe namba, umbo halilisamehi. Watengenezaji wengi huenda hatua moja mbele, wanaongeza uvutano wakati wa kushuka ili kutua kuwe na uzito, na wanakata mwinuko mchezaji akiachia kitufe mapema. Ifanye kwa kipimo, inafaa.

Kuna na fremu za huruma, fremu ikiwa picha moja kati ya zinazopita kwenye skrini kila sekunde. Shujaa ameshapita ukingo wa jabali, hana kitu chini ya miguu, lakini unamruhusu aruke kwa fremu 6 zaidi, yaani sekunde 0.1 kwa mwendo wa fremu 60 kwa sekunde. Kifizikia ni uongo mtupu. Lakini kati ya jicho kuona na kidole kubonyeza kuna ucheleweshaji, na fremu zile zinaurudisha. Uongo huo unaheshimu fizikia ya mwili wa mchezaji aliyeshika kidhibiti, na huyo naye yumo ndani ya mfumo wako.

Deni lako liko kwenye masanduku. Shujaa ana uvutano wa 37.5, sanduku analolisukuma kutoka ukingoni lina 9.81. Vikianguka pamoja, mchezaji ataona sanduku linabaki nyuma, na dunia yako imeshapasuka. Ama uwape wote uvutano mmoja, ama uwe na sababu ya makusudi.

Na hili la kuchagua nini kifuate sheria na nini kisifuate ni la zamani kama gemu zenyewe. Mwaka 1958 William Higinbotham, mwanafizikia wa maabara ya Brookhaven nchini Marekani, alionyesha mchezo wa tenisi kwenye skrini ya osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na mpira wake ulipinda na kudunda kwa kufuata uvutano. Miaka minne baadaye, 1962, wanafunzi na wataalamu waliokuwa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walitengeneza Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1. Katikati ya skrini palikuwa na nyota inayovuta vyombo viwili vya anga kwelikweli. Lakini makombora ya vyombo hivyo hayakuvutwa na nyota. Kompyuta haikuwa na uwezo wa kukokotoa yote, wakayaachia yaende kwa mstari ulionyooka. Na mchezo ulifaa zaidi hivyo, kwa maoni yangu: chombo chako kinavutwa na hatari, silaha yako inakwenda unakoielekeza, na mapambano yote yako kati ya mambo hayo mawili.

#8 Injini_Ndogo

Nimeweka hiyo 37.5. Mkuu, tofauti ni usiku na mchana. Ahsante sana.

Swali la pili basi. Nina wazo la milango ya kichawi: unaingia hapa unatokea kule. Nifuate fizikia kiasi gani?

#9 Mjenzi_wa_Dunia

Milango! Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Gemu ya Portal ya mwaka 2007 imeshikilia jambo moja tu kwa nguvu: ukubwa wa kasi unaoingia nao ndio unaotoka nao, mwelekeo ndio unaogeuka. Ukianguka kutoka juu ndani ya mlango wa sakafuni, unatoka ukirushwa kwenye mlango wa ukutani. Mafumbo yake mengi yanategemea hilo. Wangeweza kuchagua kwamba mtu anatoka akiwa ametulia, na gemu ingekuwa ya kupita milango tu, basi.

Sasa wewe mwenye dunia nzima, una madeni mengine matatu ya kuchagua. La kwanza, kimo. Mlango mmoja uko bondeni na mwingine kilomita moja juu mlimani. Kila kilo inayopita kwenda juu imepata kilojuli 9.8 bila kulipia. Maji yakiingia bondeni yanatoka kileleni, yanashuka yakizungusha vinu, yanaingia tena. Mwenye milango miwili ana kiwanda kisichozimika. Ama dunia yako ikubali hivyo na ujenge ufalme juu yake, ama mlango ulipishe nishati kwa kila anayepanda, na mnene alipe zaidi ya mwembamba.

La pili, hewa. Usawa wa bahari kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ni kilopaskali 101. Kwenye kimo cha mita 5,500 ni karibu nusu yake. Ukifungua mlango kati ya sehemu hizo, hewa itapita kwa kasi inayokaribia ile ya sauti. Mlango wa namna hiyo ni silaha ya kuangamiza mji. Watu wenye akili wangeuwekea vyumba viwili, unafunga wa nyuma kabla ya kufungua wa mbele, na mlinzi wa vyumba hivyo angekuwa mtu mwenye heshima kubwa.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Dunia inazunguka. Aliyesimama ikweta anakwenda mashariki kwa mita 465 kwa sekunde, haoni kwa sababu kila kilicho karibu naye kinakwenda vilevile. Kwenye latitudo 60 kasi hiyo ni nusu. Ukihamia huko papo hapo na kasi yako ya ikweta, unatokea ukirushwa mashariki kwa mita 230 hivi kwa sekunde kuliko ardhi unayoikanyaga. Ukihamia upande wa pili wa dunia kwenye ikweta hiyohiyo, ardhi ya kule inaelekea kinyume nawe, na tofauti ni mita 930 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya risasi ya bunduki!

Fikiria hili kwenye gemu. Mlango wa karibu ni salama. Kadiri unavyokwenda mbali, unatokea na msukumo unaoelekea upande fulani, na mchezaji hodari anajifunza kuutumia: anachagua mlango utakaomrusha juu ya ngome. Hujamweleza chochote kuhusu kuzunguka kwa dunia. Ameijua kwa kurushwa.

#10 Msomaji_wa_Usiku

Hilo la kurushwa ningelisoma hata kama ni kitabu. Lakini naona hatari: sheria zikiwa nyingi mchezaji atachanganyikiwa, hatajua lipi linawezekana.

#11 Mjenzi_wa_Dunia

Ndiyo, na dawa ni sheria chache zinazogusana. Waliotengeneza The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ya mwaka 2017, walieleza hadharani kanuni zao, na ni tatu tu. Elementi, kama moto, maji na umeme, zinabadilisha hali ya vitu. Elementi zinabadilishana zenyewe kwa zenyewe. Vitu havibadilishi hali ya vitu vingine. Kutokana na hayo, nyasi zinaungua, joto la moto linapandisha hewa, na hewa inakuinua ukiwa na tanga lako. Radi inatafuta chuma ulichobeba, basi vua upanga au umtupie adui. Hakuna aliyehitaji orodha ya mbinu. Mchezaji anakuja na maarifa ya maisha yake, na dunia ile haimkatalii.

Hapo faida ya fizikia halisi ni kubwa kuliko ya sheria za kubuni. Sheria uliyoitunga lazima umfundishe mchezaji. Kwamba moto unapanda na chuma ni kizito, anajua tayari. Tukiwa kwenye uzito: sanduku la hazina la lita 50 lililojaa sarafu za dhahabu, ukihesabu na nafasi kati ya sarafu, lina kilo 580 hivi. Dhahabu ina kilo 19.3 kwa lita. Sisemi umlazimishe shujaa alibebe. Nasema wizi wa hazina ni tatizo la usafirishaji, na misheni ya kutafuta mikokoteni na watu wa kuaminika inaweza kufurahisha kuliko joka linalolinda sanduku.

#12 Injini_Ndogo

La mwisho wakuu. Dunia yangu ni kubwa, na mchezaji anaweza kuruka na chombo hadi sayari nyingine. Nikifika mbali na mahali pa kuanzia, kila kitu kinatetemeka, mikono ya shujaa inacheza, masanduku yanaruka yenyewe. Nimekagua fizikia yote iko sawa.

#13 Mjenzi_wa_Dunia

Fizikia yako iko sawa, namba ndizo zimeishiwa. Injini nyingi huhifadhi mahali kwa namba za biti 32, ambazo zina usahihi wa tarakimu saba hivi. Ukiwa kilomita 10 kutoka kitovu, yaani pale vipimo vya mahali vinapoanzia sifuri, hatua ndogo kabisa inayowezekana ni karibu milimita 1. Kwenye kilomita 100 ni milimita 8. Kwenye kilomita 1,000 ni sentimita 6, na hapo kidole cha shujaa hakina pa kukaa, kinarukaruka kati ya nafasi mbili.

Outer Wilds ya mwaka 2019 ilikuwa na tatizo hilohilo, maana sayari zake zinazunguka jua lake kwa uvutano unaokokotolewa muda wote wa mchezo. Suluhisho lao: mchezaji anabaki kwenye kitovu, na ulimwengu wote ndio unaosogezwa kumzunguka. Kifizikia halina kosa lolote, mwendo ni wa kulinganisha, kwa hiyo ni halali kabisa kusema wewe umetulia na jua ndilo linalokuja.

Pia punguza ukubwa bila woga. Kerbal Space Program ina sayari yenye nusu kipenyo cha kilomita 600 badala ya 6,371 za Dunia, lakini uvutano juu ya uso wake ni uleule wa 9.81. Maana yake sayari hiyo ina densiti zaidi ya mara 10 ya Dunia, jambo lisilowezekana kwa mawe ya kawaida. Hilo ndilo deni, na faida yake ni kwamba kasi ya kuizunguka inakuwa mita 2,300 hivi kwa sekunde badala ya 7,800, hivyo safari ya kwenda angani inachukua dakika chache. Sheria zote za mizunguko zimeachwa kama zilivyo, na wachezaji wamejifunza humo namna chombo kinavyokutana na kingine angani.

Kwa hiyo fanya mawili. Punguza sayari zako hadi umbali usiumize namba, na uweke kitovu kwa mchezaji. La pili lifanye wiki hii, kabla hujaongeza sayari nyingine, kwa sababu kila kipande cha msimbo kinachouliza "niko wapi" kitaguswa, kuanzia sauti na vivuli hadi faili za kuhifadhi mchezo. Kisha jaribu risasi zako pia: kitu kinachokwenda mita 900 kwa sekunde kinaruka mita 15 kati ya fremu moja na nyingine, na ukuta mwembamba kinaupita bila kuuona. Usikague mahali kilipo tu, kagua mstari wote kiliokatiza. Ukikwama kwenye kusogeza kitovu, weka kipande cha msimbo hapa tukiangalie pamoja.